Maswali ya Wasomaji: Barometa ya Fimbo Iliyopanda Mlima

Katika toleo lililopita tuliandika aya mbili tu kuhusu barometa ya fimbo, yaani ile barometa ya kale yenye mrija mrefu wa kioo wenye zebaki, uliowekwa ndani ya ubao mwembamba wa kutundikwa ukutani. Barua zilizofuata zimetushangaza kwa wingi wake, hasa zile za kutoka Tabora na Kigoma. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu chombo cha msomaji huyu kinaweza kuharibiwa wiki hii hii endapo jibu litachelewa kumfikia.

SWALI: Ndugu Mjibu, mimi ni mwalimu mstaafu wa sayansi na ninaishi Cheyo, Tabora. Marehemu kaka yangu aliniachia barometa ya fimbo aliyoinunua Dar es Salaam kwa familia moja iliyokuwa ikihama. Ubao wake ni wa mkangazi, na juu kuna bamba la shaba lililopakwa fedha, lenye namba kuanzia 27 hadi 31 na jina la duka la London. Kaka alipokuwa hai ilikuwa ikisoma karibu 30. Niliileta kwa treni nikaitundika sebuleni, lakini penye bamba sioni zebaki hata tone. Fundi saa wa hapa mjini anasema kwamba zebaki ilivuja njiani, na kwamba anaweza kupata nyingine kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu kule Nzega ili aijaze. Je, nimruhusu?

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Usimruhusu, na kama bisibisi yake imeshafika mezani, mwombe airudishe mfukoni. Kwa jinsi ulivyoeleza, nina imani kubwa kwamba zebaki yako yote imo ndani, na kwamba barometa inasema kweli tupu.

Bila shaka umewahi kumfundisha Torricelli ubaoni. Safari hii amekuja sebuleni kwako. Mwitalia huyu alieleza katika barua ya mwaka 1644 kwamba kinachoishikilia zebaki juu ndani ya mrija uliozibwa upande mmoja ni uzito wa hewa inayoikandamiza zebaki ya kwenye kibakuli cha chini. Miaka minne baadaye, tarehe 19 Septemba 1648, Mfaransa Blaise Pascal alimtumia shemeji yake, Florin Périer, kuupanda mlima wa Puy-de-Dôme akiwa na mrija na zebaki, huku mrija mwingine ukiachwa chini mjini chini ya uangalizi. Kileleni, kiasi cha mita 1,000 juu ya mji, zebaki ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya inchi 3 za Kifaransa, na ule wa mjini haukuwa umesogea. Barometa yako imefanya safari ya Périer, ila yenyewe imepanda kwa treni.

Tabora iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Katika miinuko ya namna hii, kila unapopanda mita 300 zebaki hushuka kwa karibu inchi 1, kwa hiyo barometa iliyokuwa ikisimama kwenye 30 kule Dar es Salaam itasimama karibu na 26 ukiitundika Cheyo. Bamba lako linaanzia 27. Zebaki imejificha nyuma ya ubao, inchi moja hivi chini ya mahali macho yako yanapoishia, kwa sababu waliokitengeneza chombo walikikusudia kwa nyumba za Uingereza, ambako watu wengi huishi karibu na usawa wa bahari, na hawakuona sababu ya kugharimia bamba refu zaidi.

Unaweza kuhakikisha mwenyewe bila kufungua kitu chochote. Ishike barometa kwa mikono miwili, mmoja juu na mwingine chini, kisha uiinamishe kwa upande polepole sana, kama anayemimina uji wa moto. Zebaki haijali urefu wa mrija ulioinama. Inachofuata ni kimo kilichonyooka kutoka kibakulini kwenda juu, na kimo hicho kitabaki inchi 26. Kwa hesabu ya pembe, ukifikia nyuzi 16 hivi, utaiona ikichungulia kwenye namba 27. Ukiendelea kuinamisha hadi karibu nyuzi 40, itagonga kichwa cha mrija kwa mlio mfupi mkavu, kama kokoto iliyoangukia kioo. Mlio huo ndio unaotakiwa, maana unaonyesha kwamba juu ya zebaki kuna ombwe safi. Ikigonga kwa mlio mzito usio na ukali, au ukabaki povu dogo kichwani, basi hewa imeingia, na barometa yenye hewa husoma chini kuliko inavyostahili. Hilo ndilo tatizo la kumpelekea fundi, lakini fundi wa barometa.

Sasa nieleze kwa nini sitaki iongezwe zebaki. Kwanza, haitasaidia. Hewa ya Tabora ina nguvu ya kunyanyua inchi 26 tu, na ukimimina kilo nzima kibakulini bado itanyanyua inchi 26 tu, zikihesabiwa kuanzia usawa mpya wa zebaki ya kibakulini. Pili, kibakuli chako tayari kimejaa kuliko kilivyozoea. Zile inchi 4 zilizoshuka kutoka mrijani zimeingia humo, na katika barometa nyingi za aina hii kibakuli ni cha mti mgumu, chini yake kikiwa kimezibwa kwa ngozi laini ambayo pengine ina umri wa zaidi ya miaka 150. Ukiongeza mzigo, ngozi itapasuka au zebaki itatoka kwenye maungio. Tatu, zebaki ya machimboni mara nyingi imeshapita kwenye dhahabu na metali nyingine, nayo huchafua kioo kwa utando wa kijivu usiotoka kwa kufuta. Sisemi hayo kwa kuwadharau wachimbaji. Zebaki yao ina kazi yake, na kazi hiyo si hii.

Wapo pia watakaokushauri ulishushe bamba ili zebaki ionekane. Nalo hilo sikushauri, kwa sababu matundu mapya ya skrubu kwenye ubao wa kale hupunguza thamani yake, na mnunuzi makini huyaona kabla hajaketi. Iwapo mrija wako uko wazi kwenye mfereji wa ubao, chukua rula ya milimita, kata kipande kirefu cha kadi nyeupe, kichore vipimo kuendelea chini ya 27, ukisimamishe kando ya mrija bila gundi. Inchi 1 ni milimita 25.4, kwa hiyo tarajia kusoma karibu na milimita 660. Iwapo mrija umefunikwa na ubao, itakubidi uridhike na kuiinamisha mara moja moja kwa ajili ya wageni.

Kwa kuwa wewe ni mwalimu, huenda ukataka kulinganisha na kituo cha hali ya hewa cha uwanja wa ndege wa Tabora. Ukienda, omba mgandamizo wa hewa wa pale kituoni, wala si ule uliorekebishwa kwenda usawa wa bahari, la sivyo mtabishana bure. Zidisha hektopaskali zao kwa 0.75 upate milimita. Kisha kumbuka marekebisho mawili ambayo vitabu vya shule huyapita haraka: zebaki hutanuka kwa joto, na katika nyuzi 28 za Selsiasi utasoma karibu milimita 3 zaidi ya haki, na huku kwetu karibu na ikweta mvutano wa dunia ni mdogo kidogo, jambo linaloongeza milimita nyingine 2 hivi. Kwa hiyo ukikuta chombo chako kinaizidi hesabu ya kituo kwa milimita 5, mpongeze aliyekitengeneza.

SWALI: Shikamoo mzee. Sisi ni wavuvi wa dagaa, tunatua Kibirizi, Kigoma. Mwenye mtumbwi wetu ana barometa ya zebaki aliyoirithi, na mjukuu wake aliyesoma anasema maandishi ya pembeni yanataja mvua, mabadiliko na shwari. Tangu tuifahamu iko chini kabisa, kwenye dhoruba. Tuifuate?

JIBU: Marahaba, wanangu. Msiifuate. Mkiifuata hamtaingia ziwani hadi mwisho wa dunia.

Maneno hayo yalipangwa Uingereza, kwa kawaida kama ifuatavyo: inchi 28 ni dhoruba, 28.5 mvua nyingi, 29 mvua, 29.5 mabadiliko, 30 shwari, 30.5 shwari ya kudumu, na 31 ukavu mkubwa. Ziwa Tanganyika liko karibu mita 773 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo pale ufukweni Kibirizi zebaki husimama karibu na 27.3, siku ya jua kali na siku ya radi vilevile. Hata huko kwao maneno hayo hayakuaminiwa na wajuzi. Robert FitzRoy, ofisa wa jeshi la majini aliyepewa kuongoza idara ya hali ya hewa ya Uingereza ilipoanzishwa mwaka 1854, na ambaye alisimamia barometa kuwekwa kwenye bandari za wavuvi, alisisitiza kwamba cha kutazama ni kama zebaki inapanda au inashuka, na kwa kasi gani, kuliko neno lililoandikwa pembeni yake.

Kwetu hata kupanda na kushuka kwenyewe kuna mtego. Katika nchi za tropiki mgandamizo wa hewa hupanda na kushuka mara mbili kila siku kwa utaratibu wake, kama maji kupwa na kujaa kule pwani: huwa juu kwenye saa nne asubuhi na saa nne usiku, na huwa chini kwenye saa kumi jioni na saa kumi alfajiri. Tofauti yake ni kama milimita 2 au 3. Mvuvi anayeitazama zebaki saa tano asubuhi na kuirudia saa tisa alasiri ataiona imeshuka, ataogopa, na hakuna kitu. Ile tofauti ya inchi 2 kati ya tufani na utulivu ambayo Waingereza huiona katika majira yao ya baridi haifiki huku. Nayo dhoruba inayopindua mitumbwi yenu huzaliwa na wingu moja kubwa, huja kwa dakika chache, na mara nyingi zebaki hushtuka wakati upepo umeshafika. Sikilizeni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na yule mjukuu mwenye kupenda mambo haya mwelekezeni kwenye chuo cha hali ya hewa, ambacho kwa bahati njema kiko huko huko Kigoma.

Barometa yenyewe mwambieni mzee asiitupe.

SWALI: Mheshimiwa, mimi ni kijana wa Isevya, Tabora, ninakusanya vyombo vya kale vya kupimia. Nimeona barometa mbili za fimbo zinazouzwa Ulaya. Moja bamba lake ni la shaba, nyingine ni jeupe na muuzaji anasema ni pembe ya ndovu. Nitajuaje kama ni za kale kweli, na ipi ninunue?

JIBU: Kwa moyo wa mkusanyaji ningekuambia ya shaba. Kwa akili ya mtu anayeishi Tanzania nitakuambia kwamba bado hujafika kwenye kuchagua.

Nianze na ya pembe. Katika karne ya 19 barometa nyingi ziliwekewa mabamba ya pembe ya ndovu au ya mfupa, na baadaye yale ya bandia yanayofanana nayo. Pembe halisi ina mistari myembamba isiyolingana sawasawa, na penye mkato wa kukingama utaona mistari inayopishana kama wavu. Mfupa una vitundu vidogo vyeusi. Ya bandia ina mistari iliyonyooka mno. Wewe unayeishi Tabora, mahali ambapo misafara ya pembe kutoka Ujiji ilipumzika kabla ya kushika njia ya Bagamoyo, una haki ya kujiuliza vipande vile vilitoka kwa tembo gani. Hata hivyo, biashara ya pembe kuvuka mipaka inabanwa na mkataba wa CITES, ule wa kimataifa wa kulinda wanyama na mimea iliyo hatarini, na Uingereza ina sheria yake ya pembe ya mwaka 2018 ambayo huruhusu kwa masharti tu vitu vya kabla ya mwaka 1947 vyenye pembe chini ya asilimia 10. Kuingiza pembe Tanzania, hata bamba dogo kama kiganja, ni kujitafutia maelezo marefu mbele ya watu wasiopenda maelezo marefu. Achana nayo.

Kuhusu umri, jina lililochongwa kwenye bamba lisikutoshe, kwa sababu mara nyingi ni jina la mwenye duka na si la mtengenezaji. Hata hivyo jina husaidia kuweka mpaka: barometa yenye jina la Negretti & Zambra haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka 1850, kwa kuwa ndipo kampuni hiyo ilipoanzishwa. Tazama zaidi mahali ambapo mwongo huchoka kabla ya kufika. Skrubu za kale zina mifereji isiyo katikati sawasawa. Nyuma ya ubao pawe pamekauka na kupauka bila rangi mpya, na penye mrija pawe na kivuli cha vumbi la miaka mingi. Mchongo wa namba uwe na kingo zinazohisika kwa ukucha, kwani nakala za karne ya 20 mara nyingi zimechapwa tu. Kile kipimo kidogo cha kuteleza kando ya bamba, kiitwacho venia kwa jina la Mfaransa Pierre Vernier aliyekieleza mwaka 1631, kisogee bila kukwama na kiweze kukupa sehemu ya mia ya inchi. Mrija mpya katika ubao wa kale si kosa, maana mirija huvunjika. Kosa ni kuuziwa kama wa asili.

Ugumu uliobaki ni zebaki yenyewe. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ambao Tanzania ni mwanachama, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza, kuingiza na kutoa nje ya nchi barometa za kawaida za zebaki. Vitu vya kale hupewa nafasi katika baadhi ya nchi. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, uliacha zile zilizokuwa zimetimiza miaka 50 ifikapo Oktoba 2007. Hiyo ni ruhusa ya kwao, haikulindi bandarini Dar es Salaam. Kabla ya kutuma hata shilingi, andikia NEMC, yaani baraza la taifa la mazingira, na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ueleze kitu, umri wake na kiasi cha zebaki, upate jibu la maandishi. Mrija wenye uwazi wa milimita 5 hubeba karibu gramu 200 zikiwa zimesimama inchi 30, mbali na zilizomo kibakulini.

Ushauri wangu binafsi ni kwamba uanze na zilizomo nchini tayari. Tafuta zile zilizokuwa shuleni, misheni na kwenye nyumba za zamani za reli. Na ukibahatika kukutana na barometa ya mlimani, ile ya wapimaji ardhi yenye vipimo vinavyoshuka chini sana ya inchi 26, uinunue hata kama ubao wake ni wa kawaida na bamba lina madoa. Hiyo ndiyo itakayokusomea Isevya bila kuinamishwa.

SWALI: Ninahama kutoka Mwanga, Kigoma, kwenda Dar es Salaam na nina barometa ya fimbo ya marehemu mume wangu. Niibebeje? Naweza kupanda nayo ndege?

JIBU: Pole kwa msiba, mama. Ndege hapana. Zebaki hula alumini, na ndege ni alumini. Kanuni za usafiri wa anga hukubali barometa ya zebaki kwa mtumishi wa idara ya hali ya hewa ya serikali tu, tena kwa kibali cha shirika la ndege. Panda treni au gari, nayo isafiri mkononi mwako, isiwekwe kwenye buti.

Kabla ya kuishusha ukutani vua pete ya dhahabu, kwa sababu zebaki ikiigusa huifanya nyeupe papo hapo. Iinamishe taratibu, ukihesabu hadi thelathini, mpaka zebaki ijaze mrija wote na usikie ule mlio mdogo. Ikiwa chini ya kibakuli kuna skrubu, basi hali barometa ikiwa bado imeinama izungushe polepole kuelekea juu mpaka uhisi imegusa, kisha uache. Kazi yake ni kuizuia zebaki isicheze, nayo haitaki nguvu. Mwisho uigeuze kabisa, kibakuli kiwe juu, uifunge hivyo katika blanketi. Mimi mwenyewe wakati wa ujana wangu niliona haya yote ni mbwembwe, nikaibeba moja ikiwa imesimama katika gari kwenye barabara ya vumbi ya Urambo. Kwenye shimo la tatu zebaki ilipanda kwa kishindo, ikakipiga kichwa cha mrija kama nyundo, na kilichobaki cha safari nilikitumia nikiwa nimefungua vioo vyote.

Ikitokea imemwagika, watoto watoke kwanza na madirisha yafunguliwe, kwa kuwa madhara makubwa yako kwenye mvuke wake usio na rangi wala harufu. Usifagie, kwani ufagio huigawa kuwa chembe zisizohesabika. Zisukume chembe kwa kadi ngumu hadi zikutane, uzivute kwa bomba la sindano lisilo na sindano, uzitie kwenye chupa ya plastiki yenye maji kidogo na kifuniko kinachobana. Penye nyufa nyunyiza unga wa salfa. Chupa hiyo usiimwage chooni wala shimoni. Ipeleke kwa afisa mazingira wa manispaa.

Utakapofika Dar es Salaam, itundike kwanza ndipo uilegeze skrubu, kisha uipe siku nzima kabla ya kuisoma. Itakuwa imepanda kutoka 27 na kitu hadi karibu 30, na neno litakalosomeka mbele ya zebaki ni shwari.